Ukurasa Uliokuwa Kiunoni mwa Riziki

Wete, Pemba
Mwezi wa Shaabani, siku kumi hivi kabla ya mfungo

Kwa Mama yangu, Bi Zena binti Omari, Pangani

Shikamoo Mama. Kabla ya habari yoyote naanza na mguu wako: umepoa? Mtu aliyeniletea barua yako ya mwezi uliopita alisema alikuona sokoni unatembea na fimbo, nikakaa siku mbili chakula hakishuki. Halafu nilipofika kwenye yale maneno yako, kwamba mguu ni mguu tu na kichwa bado kizima, nikacheka peke yangu jikoni. Basi safari hii niambie kweli, usinifiche. Na Baba, kikohozi kimemwacha? Na mdogo wangu Mwanahawa ameshajifungua au bado anahesabu siku? Mimi ni mzima, mume wangu Hamadi ni mzima, na mjukuu wako Riziki ni mzima kutushinda sote. Ana meno mawili chini, na jana ameyajaribu kwenye bega langu.

Nakuandikia kwa herufi zako za Kiarabu kama ilivyo desturi yetu, usihangaike kutafuta mtu wa kukusomea. Na leo nina sababu nyingine ya kufurahia herufi hizi. Kaa vizuri, nyosha mguu, maana barua ni ndefu.

Unajua Hamadi alivyo na vitabu, lakini hujafika hapa ukaona, basi nikuchoree. Duka letu ni chumba kimoja. Upande mmoja tumepakana na fundi cherehani, upande wa pili na muuza taa na tambi zake. Juu kabisa Hamadi amepanga misahafu, chini yake juzuu na vitabu vya maulidi vinavyotoka Bombei, halafu madaftari ya skuli, wino na kalamu. Nyuma ya pazia ndipo tunapolala na kupika. Misahafu iko juu, haifikiwi na moshi, lakini madaftari yananuka bizari, na watoto wa skuli wanasema wakifungua hesabu wanasikia njaa.

Sasa juu ya meza yake Hamadi ana daftari kubwa lenye jalada jekundu, na hilo ndilo mke mwenzangu. Ndani yake anaandika kila mtu wa kisiwa hiki aliyewahi kuandika kitabu au utenzi au habari za watu wa zamani, na kila mtu aliyewahi kupiga chapa hata karatasi moja, na kitabu kiko kwa nani. Kila mmoja na mstari wake: jina, kwao, alichoandika, nani anacho. Lina sharti moja hilo daftari: hakuna jina, hakuna mstari. Anataka akimaliza apeleke Unguja kwa mpiga chapa, kitoke kitabu kidogo watu wakinunue na watoto wasome. Mpiga chapa amekubali, ila makaratasi yamfikie kabla ya mfungo, kwa sababu ukishaingia Ramadhani wafanyakazi wake wanapunguza saa na baada ya hapo kazi za sikukuu zinamjaa.

Watu walimcheka, Mama. Kuna karani mmoja wa ofisini anayenunua wino kwetu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka unaweza kukatia ndimu. Siku moja akalipiga daftari kwa kidole akasema, "Yakhe Hamadi, hicho kitabu chako cha waandishi wa Pemba kitakuwa na kurasa ngapi? Mbili? Au na jalada linahesabiwa?"

Waliokuwa dukani wakacheka. Hamadi naye akacheka, lakini mimi nyuma ya pazia nilimwona anavyokifunika kile kidau cha wino, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Akaendelea kutafuta. Alikwenda Vitongoji kwa mzee mmoja aliyekuwa zamani na mashine ndogo ya chapa ya mkono, akipiga kadi za harusi na karatasi za maulidi. Mashine akaiona, imefunikwa gunia, kuku analalia juu yake. Hamadi akauliza, "Na herufi zako, Mzee, ziko wapi?" Mzee akaita ndani, wakaletewa nyavu. Wallahi Mama, zile herufi za madini ya risasi wajukuu wameziona zina uzito mzuri wakazifunga kwenye nyavu ziwe chubwi! Hamadi akakaa kitako chini akawa anazisoma moja moja kwenye ukingo wa wavu, na mzee anamwambia, "Samaki wa huku wamesoma kuliko wewe." Mzee yule kaingia daftarini, na kadi moja ya harusi yake tumeipata.

Lakini vitabu vya kuandikwa kwa mkono vilimshinda, na sababu nimekuja kuiona mimi. Hamadi akienda nyumba ya watu anakaribishwa barazani, anapewa kahawa, anauliza kama kuna maandishi ya wazee, wenye nyumba wanamjibu hakuna. Nao hawasemi uongo. Wanaume hawajui kilichomo ndani. Vitu vya mabibi viko chumbani, kwenye kasha, chini ya kanga na udi, na huko mwanamume wa nje haingii wala hapelekewi. Nikamwambia, "Kwa nini nisiende mimi?" Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Na Riziki?" Nikasema, "Riziki ndiye atakayenifungulia milango." Na ndivyo ilivyokuwa. Ukipiga hodi na mtoto mgongoni huulizwi umefuata nini mpaka umeshafika uani na umeshapewa uji.

Siku hizi za vyama vya siasa, Mama, watu wanachunguzana hata kwa kibiriti, nani kanunua kwa nani. Na mimi wananiita mke wa mrima, kwa kuwa nimetoka ng'ambo ya huko kwetu. Kuna mwanamke aliniuliza usoni, "Habari za Pemba watuandikie watu wa Pangani?" Nikamwambia, "Mimi nabeba tu bibie, kama nilivyombeba huyu Mpemba mgongoni." Akacheka, akanifungulia kasha. Nikapata kwake utenzi wa arusi wa babu yake, tena umetiwa jina.

Sasa fika Gando, ambako ndiko kwao Hamadi. Huko yuko shangazi yake, Bi Mize, ndugu wa baba yake. Yeye ndiye aliyemlea Hamadi baada ya mama yake kufariki, kwa hiyo kwangu ni mkwe, na kwa Riziki ni bibi. Mkali, mfupi, mikono haitulii. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu tu, si kwa ajili ya daftari, kwani Hamadi alishamuuliza zamani kama ana kitabu cha wazee, akamjibu, "Sina, ila kitabu changu cha dua." Hamadi hakutaka kugusa dua za mwanamke. Yakaishia hapo.

Nikamkuta amekaa mkekani anashona hirizi ya mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki ile. Kila mtoto anayezaliwa kwenye ukoo na kwa majirani, Bi Mize humshonea hirizi. Ana kitabu kikuukuu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, alichoachiwa na mama yake, akaambiwa akitunze kina baraka. Akifika mtoto, anachana karatasi moja, anaikunja ikunjike mpaka iwe ndogo kama kibiriti, anaifunga kitambaa cha nta, halafu kitambaa cheusi, anashona. Hajui kusoma. Alianza chuo cha Kurani, akaolewa kabla hajamaliza juzuu. Na hirizi ikishashonwa nani anafungua akatazama? Hakuna.

Basi karatasi ile ilikuwa juu ya mkeka haijakunjwa, na mimi namnyonyesha Riziki pembeni, macho yakaiangukia. Nikaanza kusoma bila kukusudia, kama mtu anavyosoma karatasi aliyofungiwa sukari. Nilitazamia aya. Nikakuta Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nikasoma kwa sauti:

"Kisima cha chini kilichimbwa na wanawake saba, kwa kuwa wanaume walisema hapana maji. Yalipotoka maji, wanaume wakaja kunywa."

Bi Mize sindano ikasimama. "Wasoma nini wewe?"

"Nasoma hiki ulichokishika, Shangazi."

"Hiyo ni dua."

"Si dua, Shangazi. Ni habari za visima."

Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akanipa kitabu chote. Nikafungua mwanzo, Bismillahi, na baada ya Bismillahi ni Gando tupu: nani alifyeka wapi, nani alipanda mikarafuu ya kwanza, mwaka wa njaa walipokula mizizi ya mwituni, nani alimwoa nani. Na majina, Mama, majina mengi, na kila mtu na jina la mama yake. Hata wale walioletwa kutoka bara enzi za mashamba makubwa bila hiari yao, ambao mtu mwingine angewaandika kwa idadi tu, mwandishi huyu kawaandika mmoja mmoja, na mama zao waliowaacha huko bara.

Unajua ni nini kilichonisaidia? Maandishi hayana irabu. Aliyezoea msahafu tu angekwama, kwa sababu msahafu umetiwa alama zote. Hata Hamadi, msomi wangu wa skuli, nilipompelekea alikuwa akivuta neno kama mtu anayevuta ndoo nzito. Mimi nilikuwa nateremka tu. Miaka yote hii nasoma barua zako, nawe hujawahi kutia irabu hata moja, unasema wino ni ghali. Basi Mama, ubahili wako ndio ulionifundisha.

Nirudi Gando. Bi Mize alipoelewa alichokuwa akifanya, alijifunika kanga usoni. "Watoto wote hawa," akasema. "Miaka yote. Nimewavisha habari za visima." Halafu akanishika mkono kwa nguvu. "Usiseme, mwanangu. Gando nzima watanicheka. Watasema Mize amewadanganya wana wa watu." Nikamwambia sitasema. Hirizi ya mtoto wa jirani tukaiacha isubiri, tukamwambia mama yake uzi umekwisha.

Kitabu akaniruhusu nimpelekee Hamadi. Alivyokipokea, Mama! Alinawa mikono kwanza. Jioni nzima mimi nasoma, yeye anaandika, Riziki kalala juu ya gunia la madaftari. Tulipofika mwisho nikasoma, "na siku ile mimi mwenyewe nili", basi, karatasi zimekwisha. Jina la mwandishi hakuna. Mwanzo halikuwemo, na wenye kuandika zamani jina walilitia mwishoni, na mwisho umechanwa.

Hamadi akalaza kalamu. Unakumbuka sharti la daftari.

Nikarudi kwa Bi Mize kumuuliza, alikuwa akichana kutoka upande gani? Akasema, "Kutoka mwisho. Nilidhani baraka kubwa ziko mwanzo, nikazibakisha." Nikamuuliza, karatasi ya kwanza kabisa kuichana, ile ya mwisho wa kitabu, ulimshonea nani? Hakufikiri hata kidogo. "Mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya mama yangu kufa. Mumeo."

Nikampakata Riziki. Kwa kuwa hirizi ya Hamadi ninaijua iko wapi, Mama, na wewe unajua. Iko kiunoni mwa Riziki.

Nilikuandikia mwaka jana alipokuwa na miezi mitatu, homa ilivyompanda akageuza macho, nikadhani namzika mwanangu. Daktari alimpiga sindano, na Bi Mize akaja kwa miguu kutoka Gando kwenye mvua na hirizi ya Hamadi aliyoitunza tangu utoto wake, akamfunga kiunoni, na mimi nikasoma kila sura ninayoijua. Kabla ya adhuhuri homa ikashuka. Nani kamponya Mungu ndiye anayejua, sikutaka kuuliza. Lakini tangu siku ile hirizi haijatoka mwilini mwake. Hata nikimwogesha naipitishia maji kando. Nikiigusa moyo unatulia.

Nilimwambia Hamadi. Nilidhani ataruka. Hakuruka. Alimtazama mtoto akasema, "Zuhura, usiifungue. Nitaandika kwamba mwandishi hajulikani. Nitalivunja sharti mara moja. Kitabu hakipati homa."

Mume wangu ndivyo alivyo, Mama. Niliposikia vile nilimpenda upya. Na ndipo nikaona siwezi kuliacha. Siku tatu nilikuwa nikimwogesha Riziki na kile kifurushi cheusi kinaning'inia mbele ya macho yangu, nikimfikiria yule aliyekaa akaandika mama wa kila mtu, halafu yeye mwenyewe aitwe hajulikani, na jina lake liko hapa, napitisha sabuni kando yake. Halafu nikiguswa na joto la mwili wa mtoto, hata joto la kawaida la usingizi, naogopa tena, nasema hapana. Na siku za mpiga chapa zinapungua. Siku zile nilikutaka wewe hapa kuliko siku yoyote tangu niolewe.

Siku ya nne nikamwita Bi Mize aje Wete, nikamwambia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi niliyemfunga ndiye nitakayemfungua. Lakini hakai mtupu hata kidogo, wanisikia? Kwanza tunamvisha nyingine, ndipo tunavua hino."

Tukaenda kwa Shehe anayesomesha chuo karibu na sisi, akaandika Ayatul Kursi kwa wino wa zafarani. Bi Mize akaipokea, na badala ya kuikunja akanigeuzia. "Safari hii nisomee kwanza," akasema. "Nisije nikamvisha bei ya dagaa." Shehe mwenyewe alicheka mpaka kofia ikamteleza. Nikamsomea neno kwa neno, ndipo akakunja, akashona pale pale, akamfunga Riziki ile mpya juu ya ya zamani. Kisha akachukua wembe, akasema Bismillahi, akakata uzi.

Nilikuwa nimemshika mtoto paji la uso. Lilikuwa baridi. Yeye alikuwa akila kidole changu.

Karatasi ilikuwa imeshikana kwa jasho la Hamadi la utotoni na jasho la binti yake. Tuliifungua juu ya sinia kwa kijiti, mkunjo mmoja mmoja, Hamadi hapumui. Pembe moja imeliwa, lakini maandishi yapo. Nikasoma:

"Nimemaliza mimi Mwanaidi binti Faki wa Gando, kwa mkono wangu. Karatasi nimezinunua kwa karafuu nilizookota chini ya miti ya watu. Nimewaandika waliozaliwa hapa na walioletwa hapa, asije mtu akaambiwa hana kwao. Makosa ni yangu. Atakayesoma anisomee Fatiha."

Bi Mize akakaa kitako sakafuni, taratibu. "Huyo ni bibi yangu," akasema. "Mama yake mama. Mimi namkumbuka akisuka mkeka. Nikipita karibu ananipa ukindu nichezee. Sikujua kama alikuwa akiandika. Hakuna aliyeniambia."

Basi tukainua mikono, Hamadi, Bi Mize na mimi, tukamsomea Fatiha. Na nilipofika Amin nikafikiri, huenda sisi ndio wa kwanza. Alituomba kitu kimoja tu, tukamkunja tukamshona, tukavaa ombi lake miaka yote bila kumpa. Nililia, Mama, lakini kilio kizuri.

Unataka kujua kama Riziki alipata homa? Hakupata. Nimekesha siku mbili nikimshika paji la uso mpaka akachoka na mimi, akanisukuma mkono.

Na sasa sikiliza Bi Mize alivyofanya, yule aliyeniambia nisiseme. Aliporudi Gando alivaa buibui lake jema, akapita nyumba kwa nyumba mwenyewe, uani kwa wanawake, akisema, "Nimekuja kuomba radhi. Nimewavisha watoto wenu habari za visima na za mashamba, nikidhani ni dua. Lakini ni mkono wa bibi yangu. Anayeniamini anirudishie, nitamshonea ya Ayatul Kursi, na mke wa Hamadi ataisoma mbele yenu." Mwanamke mmoja akapiga kofi, "Kumbe ndiyo maana! Mwanangu tangu umvishe haishi kuniomba maji!" Ua zima likaangua kicheko, na Bi Mize naye akacheka, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikaona mabega yake yameshuka, mzigo umetoka.

Wengi wamerudisha. Wengine wamekataa, wanasema mtoto wao amekua vizuri na habari za visima, ya nini kubadilisha. Hao nimekwenda kuwaomba ninakili tu kisha Bi Mize anashona upya na kuwarudishia. Karatasi moja imekwenda na kijana aliyekuwa baharia, iko Bombei huko au mbali zaidi. Nyingine imeoza. Lakini kitabu sasa kina mwanzo na mwisho wake, na matundu machache katikati. Yule aliyeniuliza kama Pemba iandikwe na watu wa Pangani, nilikuta jina la nyanya yake kwenye karatasi moja, nikampelekea nikamsomea mlangoni. Alilishika lile jina kwa kidole kwa muda mrefu. Sasa akiniona njiani ananiita wifi.

Yule karani alikuja juzi kununua wino. Hamadi alimgeuzia daftari tu. Akasoma ukurasa, akafunua wa pili, wa tatu, akaendelea kufunua. Mwishowe akasema, "Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Gando." Hamadi akamwambia, "Yuko karatasi ya nane ya Bi Mwanaidi." Siku hiyo wino alisahau kuuchukua.

Makaratasi yameondoka jana kwenda Unguja, yamefungwa kwenye kitambaa cheupe cha Bi Mize. Kabla ya kufunga Hamadi aliniita nitazame mstari wa Bi Mwanaidi alivyouandika. Naunakili hapa bila kupunguza kitu:

"Mwanaidi binti Faki, wa Gando. Habari za Gando na watu wake. Kimeandikwa kwa mkono, hakijapata kupigwa chapa. Kiko kwa Bi Mize wa Gando. Kimesomwa na kunakiliwa na Zuhura binti Salehe, aliyefundishwa kusoma na kuandika na mama yake, Bi Zena binti Omari wa Pangani."

Umeona, Mama? Jina lako litapigwa chapa. Nilimwuliza Hamadi, na mama yangu ameingiaje kwenye waandishi wa Pemba? Akasema, "Bila yeye tungekuwa na hirizi tu."

Nakumbuka ulivyokuwa unanifundisha kwa mkaa juu ya ungo, na majirani wakikuuliza, mtoto wa kike akijua kuandika atamwandikia nani? Skuli nilikwenda mpaka darasa la nne tu, lakini ungo wako sijamaliza kuusoma mpaka leo. Waambie hao majirani, wale walio hai, kwamba namwandikia mama yangu. Na Riziki akishika kijiti nitampa ungo wake.

Nisalimie Baba, mwambie dawa anywe kweli asiimwage. Nisalimie Mwanahawa, na akijifungua salama mniletee jina haraka, nimeshamshonea kofia. Nisalimie shemeji yangu mumewe, na Shangazi wa kule mtoni, na Bibi jirani aliyenipa sufuria siku naondoka, mwambie bado inapika. Bi Mize anakusalimu sana, anasema akikuona atakubusu mikono yote miwili. Hamadi anakushika miguu, ule mzima na ule unaouma.

Na ombi langu la mwisho. Umeshamsoma Bi Mwanaidi sasa, maneno yake yako kwenye barua hii kama alivyoyaandika. Basi msomee Fatiha, maana alisema atakayesoma. Halafu barua uiweke kwenye kasha lako, Mama, ikiwa wazi hivi hivi. Usije ukamkunjia mtoto wa Mwanahawa.

Mimi mwanao akupendaye,
Zuhura binti Salehe